Simba Ishirini na Watatu

Harusi ya Mwanamvua ilipokwisha,
maturubai yamekunjwa, sufuria za kukodi zimerudi kwa mwenyewe,
kamati ilikuta salio ndani ya bahasha:
elfu arobaini na sita.
Watu wakaanza kulitazama kwa jicho la soda.

Mimi ndiye mweka hazina.
Nikasema: jamani, chekechea ya Barabara ya Kumi na Tisa
haina choo. Watoto wanaomba kwa jirani,
na jirani naye kachoka, siku hizi anatia kufuli.
Kwa harusi mlitoa hamsini hamsini, kadi mkononi.
Kwa choo, nani atachapa kadi?

Mtu akakohoa.

Ndipo Bi Mwanakombo, mpaka hina wa Ngamiani,
akasema bila kuinua macho:
Msiile. Ipandeni.
Tuko ishirini na watatu. Kila mtu apewe noti moja ya simba,
na siku arobaini.
Arudi naye,
na wanawe.

Basi tukagawana simba.
Hata Mzee Mbaruku, Coastal damu damu,
alimpokea simba bila ubishi.

Simba wa Zaina aliingia soko la Mgandini
akatoka machungwa ya Muheza.
Aliyamenya getini kwa hospitali,
ganda refu moja, halikatiki,
wagonjwa wakinunua ganda kwanza, chungwa baadaye.
Semkiwa alinunua gundi na kipande cha mpira,
akakaa na pampu yake kando ya ukuta:
mji wa baiskeli haukosi mwiba.
Mbaruku, asiyejua kuuza hata chumvi,
alinunua peni nne na kuwajazia watu fomu nje ya ofisi ya kata
kwa hati ya mtu aliyechapwa fimbo kwa kila herufi.

Wawili waliunganisha simba wao wakanunua tembe.
Kicheche akamla usiku wa pili.
Wakabaki kuuza kisa chenyewe, barazani hadi barazani:
aliyecheka alitoa mia mbili,
asiyecheka alitoa mia tano kwa huruma.

Siku ya arobaini tulimwaga fedha mkekani.
Sarafu zilinuka chungwa,
noti za Bi Mwanakombo zilikuwa na alama za vidole, nyekundu.

Riziki alikuja mwisho, mtoto ubavuni.
Wangu ameliwa, akasema.
Usiku wa homa, duka la dawa moja tu lilikuwa wazi.
Aliyemla ni huyu.

Athumani alikuwa anatafuna pindo la ushungi wa mamaye.

Kalamu yangu ikasimama juu ya karatasi.
Mapato? Matumizi? Hasara?
Daftari lina safu tatu tu.
Zaina alimpa mtoto chungwa.
Nikaruka mstari.

Laki tano na kumi na tisa elfu, mia nne.
Ikawa matofali, ikawa simenti, ikawa matundu mawili
na ndoo yenye koki.
Fedha ya mlango haikutosha;
tulitundika kanga iliyobaki harusini,
na maandishi yake yakatazama barabarani:
HAJA YANGU IMETIMIA.
Hakuna aliyeichagua kwa makusudi.
Au Bi Mwanakombo alifanya makusudi. Hajakiri.

Siku ya kufungua, mwenyekiti wa mtaa alileta mkasi,
utepe, na hotuba ya kurasa nne.
Alipofika maendeleo ya pili,
Athumani alipenya chini ya utepe
akapotea nyuma ya kanga.

Tukangoja.
Hotuba ikangoja.
Yakasikika maji kwenye ndoo.

Akatoka, kaptura imepandishwa hadi kifuani,
mikono inachuruzika, anatutazama
kama sisi ndio tulioingia kwake bila hodi.

Nikafungua daftari pale nilipouruka ule mstari.
Riziki binti Shekue, nikaandika,
safu ya mapato:
simba mmoja, mzima,
ananawa mikono.